Mishipa Isiyoshika Rangi

Jumamosi, Novemba. Bukoba imeamka na manyunyu, ziwa halionekani, na senene, panzi wetu wa kuliwa, bado hawajashuka. Mji mzima unatazama juu. Mimi tangu juzi namtazama Respicius.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: ninabuni ala ya katheta. Katheta ni mrija mwembamba ambao daktari huupitisha ndani ya mshipa wa damu, mara nyingi akianzia kwenye kinena, mpaka moyoni. Ala ni mrija wa nje unaotangulia na kubaki ndani ya mshipa, vifaa vipite humo. Ala za kawaida ni ngumu, na ni pana muda wote. Yangu ukuta wake umekunjwa kama jani changa la mgomba kabla halijafunguka. Inaingia ikiwa nyembamba, inatanuka kifaa kinapopita, halafu inajikunja tena.

Baba aliwekewa vali ya moyo kwa njia hiyo. Moyo ukapona. Mshipa wa paja ukachanika, na sasa anatembea na fimbo nyumbani Kanazi, kutoka kibarazani hadi kwenye mibuni na kurudi. Hajawahi kulalamika. Ningependa alalamike.

Jumatatu mkuu wa mradi, aliyeko Dar es Salaam, anasubiri picha zetu za majaribio. Zikiwa safi, ala yangu itaanza kujaribiwa kwa wanyama walio hai. Baada ya wanyama ni mapaja ya watu kama baba.

Na picha ni safi. Ni safi mno.

Tunajaribu hivi. Tunachukua mshipa wa shingo ya ng'ombe aliyechinjwa, tunapitisha ala, tunaitoa, halafu tunamimina rangi ya bluu ndani ya mshipa. Mahali utando wa ndani ulipochubuka, rangi inashika. Mahali pazima, maji yakipita, rangi inaondoka. Miundo yangu miwili ya kwanza iliacha mishipa ya bluu kama sare ya shule. Muundo wa tatu haukuacha doa hata moja. Respicius, fundi ninayefanya naye kazi, alipiga makofi. Mimi nilipiga picha.

Alhamisi, kwa ajili ya kulinganisha tu, nilipitisha ala ngumu ya kawaida, ndugu wa ile iliyomchana baba. Niliisukuma bila huruma. Nikamimina rangi, nikaosha.

Hakuna doa.

 Ala ile haiwezi kupita bila kuchubua. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa amegusa ama rangi, ama mishipa. Rangi naichanganya mwenyewe. Mishipa inatoka Muleba kwa shangazi yangu, Ma Adventina, mwenye kibanda cha supu karibu na stendi, ambaye huinunua machinjioni na kunitumia kwa basi. Respicius ndiye anayeupokea mzigo Bukoba. Ndiye anayeufungua, na ndiye anayeiweka mishipa kwenye maji baridi ya chumvi. Mimi huikuta tayari, inang'aa.

Mkataba wake unaisha Desemba. Matokeo mazuri yangeuongeza. Nilianza kukumbuka mambo: kwamba hupiga mluzi anapofungua mzigo, kwamba mikono yake hunuka mafuta. Ni fundi wa mashine, bila shaka mikono yake inanuka mafuta. Lakini usiku ule hilo halikunitosha.

Jana nikanunua kufuli jipya la stoo ya mishipa. Sikumwambia.

Leo nimekwenda Muleba bila taarifa, nione mshipa kabla haujapita mkononi mwa mtu mwingine.

"Koku! Nani kafa?" Hiyo ndiyo salamu niliyopokelewa nayo. Kwetu mtu hatokei tu Jumamosi asubuhi.

"Hakuna, shangazi. Nimefuata mishipa yangu."

"Yule kijana mpole unayemsifu kila ukinipigia amekukosea nini?"

 Nilikaa kwenye kigoda jikoni kwake, nyuma ya kibanda, nikamtazama. Akaosha mishipa kwa maji ya moto. Alipoona siangalii kitu kingine akasema, "Ungewatazama wanaume hivi, baba yako angekuwa na mkwe."

Kisha akachukua kikaango kidogo kilichokuwa pembeni ya moto. Akaziba mshipa kwa kidole upande mmoja, akamimina kwa upande wa pili kitu cha njano, akauinamisha huku na huku, akaukamua taratibu kwa vidole viwili mpaka ziada ikatoka. Akapasha jani la mgomba motoni likalegea, akaufunga humo mshipa, akakaza kwa kamba ya mgomba.

"Shangazi, hicho ni nini?"

"Samli. Huijui samli? Shule imekula macho yako?"

"Unaiweka tangu lini?"

"Tangu mzigo wa kwanza. Nimtumie mtoto wa kaka yangu kitu cha ng'ombe kikavu, kama namtupia mbwa? Hapana, waitu, mwanangu. Kingefika kimekakamaa, na watu wa stendi wangesema Adventina hajui kufunga zawadi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Samli. Ilikuwa imeupaka mshipa wote kwa ndani. Ala yoyote ingeteleza humo, na hata pale palipochubuka, rangi yangu ya maji isingepata pa kushika. Tulihamia mishipa ya Muleba wiki ile ile tuliyoanza muundo wa tatu, kwa sababu ya machinjio ya mjini ilikuwa inakatwa mifupi. Nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja, nikajisifu kwa kimoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili angenisuta.

Ningecheka hapo hapo, ikaisha. Badala yake nilinusa kikaango. Nilichovya kidole nikaonja. Nikauliza kama Respicius amewahi kufika pale, kama amewahi kumpigia simu, kama ndiye aliyemfundisha kuweka samli.

Uso wa shangazi ulibadilika.

"Koku, unatafuta mshipa au unatafuta mwizi?"

Akanipa mishipa mingine, iliyooshwa tu. Aliifunga kwenye mfuko wa plastiki huku akigeuza uso, kana kwamba nimemwomba aniaibishe. Juu yake akaweka kifurushi cha amwani, kahawa yetu ya kutafuna. "Hii ni ya yule kijana. Mtafune pamoja."

Mchana nimeirudia kazi yote, peke yangu, nje mvua inanyesha. Ala ngumu iliacha madoa ya bluu pande zote za mshipa. Ala yangu, muundo wa tatu, iliacha mistari miwili. Imenyooka, imekwenda sambamba, tangu mwanzo wa mshipa hadi mwisho.

Niliitazama muda mrefu. Ni kingo za mkunjo. Ukuta unapofunguka, kingo zake zinalima utando kama jembe. Kwingine kote mshipa ni mzima. Kwa hiyo wazo si bovu, ila kingo lazima ziwe butu, na hiyo ni kazi ya miezi. Samli ilinificha kitu pekee nilichohitaji kukiona.

Nimemwandikia mkuu wa mradi kwamba picha za nyuma zisitumike, nikamweleza sababu, nikaambatanisha hizi zenye mistari. Nilitaja samli. Sikumtaja aliyeiweka. Wanyama watasubiri. Mkataba wa Respicius, sijui.

Nilimpigia yeye wa mwisho. Alicheka sana. "Kwa hiyo Mhandisi, muda wote huu tulikuwa tunakaanga!" Siku zote ananiita Mhandisi, kwa utani. Akasema aliona majani ya mgomba na ule ute wa njano, akadhani ni mafuta ya ng'ombe mwenyewe. Kisha akauliza mistari ina upana gani, akasema huenda tukaweza kuzipasha kingo joto zikaviringika. Alikuwa ameshaanza kufanya kazi.

Halafu akaachana na kingo.

"Ndiyo maana jana nilikuta kufuli jipya."

 Nina shahada mbili, na nilichoweza kumtajia ni bei ya kufuli.

"Sawa, dada Koku," akasema, na kukata simu.

Dada. Hajawahi kuniita hivyo. Ndivyo tunavyowaita watu wa dirishani benki.

Kifurushi cha amwani kiko mezani mbele yangu, bado kimefungwa. Buni moja ina punje mbili. Wazee wa huku walikuwa wakizigawana, kila mmoja yake, walipotaka kuwa ndugu. Nadhani shangazi alijua anachonipa.

Kesho baada ya misa nitampelekea Respicius kahawa hii na ufunguo wa pili wa stoo. Nimeshaanza kuwaza. Akipokea ufunguo akaacha kahawa, itamaanisha nini? Akitafuna bila kunitazama? Nimekaa hapa napanga nitakachokisoma usoni pake, mahali gani patashika na mahali gani hapatashika.

Ninaweza kweli kwenda kwa mtu na kahawa tu, bila kubeba rangi ya bluu ya kumpimia?