Pesa za Mafunzo na Kaka Yake Maryluz

Jumatatu, 4 Machi 2019

Vijana wamekuja. Pesa hazijaja.

Sita, wote kutoka milima ya kusini mwa jiji, na kufika huku kila mmoja anapanda mabasi mawili. Leo nimeanza kuwafundisha kazi yangu ya ufundi sauti: kukunja nyaya. Wanadhani televisheni ni sura nzuri. Televisheni ni nyaya! Maryluz, aliyekuwa akiosha vyombo mgahawani, ameshika haraka kuliko wote. Halafu nikampa hedifoni ajaribu maiki. Akatoa macho: "Mwalimu, humu kuna ngurumo." Lilikuwa tumbo la Wilmar, mwenzake aliyekaa pembeni. Tukacheka mpaka basi, hata Wilmar mwenyewe.

Baadaye halikunichekesha. Chakula cha mchana na nauli vilikuwa vilipwe na Taasisi ya Milango Wazi, inayoendesha mafunzo haya. Nimenunua sambusa za empanada kwa mfuko wangu.

Nimempigia Doña Piedad, mkurugenzi wao. Katibu anasema yuko kikaoni. Wiki ya pili hii yuko kikaoni! Kikao gani hicho, wameota mizizi?

Jumatano, 6 Machi

Estela wa mavazi amenicheka. "Shoga yangu Nohora, maiki zote ulizobeba hazijakutosha, sasa unabeba na watoto wa watu?"

Nikamwuliza: wewe uliingiaje kazi hii? Kwa shangazi yake. Na mimi? Kwa binamu yangu aliyekuwa dereva wa studio. Basi asiye na shangazi wala binamu aingilie dirishani?

Ndipo Estela akanipa habari. Tamthilia mpya inaanza kupigwa picha Jumatatu ya tarehe 18, na studio imekubali kuwachukua vijana wangu wote. Kwa mshahara! Ila bila bima ya kazi hawavuki geti. Bima inalipwa na nani? Taasisi.

Nimepiga simu tena. Kikaoni.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Taasisi imetuletea — maua! Waridi mojamoja kwa wasichana, na kadi yenye nembo yao.

Maryluz akalinusa lake. "Nikimpa dereva wa basi atanipandisha?"

Wilmar leo kaja kwa miguu. Aliacha kazi ya gereji kwa ajili ya mafunzo haya, na mkewe ana mimba kubwa. Kaingia kalowa chapachapa. Akachukua ule mti mrefu wa maiki, akaushika juu ya kichwa mpaka nilipomwambia aushushe. Ana mkono mzuri sana yule kijana. Sana.

Nina hasira hata kahawa nimeiacha.

Jumanne, 12 Machi

Hatimaye! Doña Piedad kaja mwenyewe. Manukato yalitangulia, yeye akafuata. "Wanangu, wanangu," anawaita. Hajui jina la hata mmoja.

Akanivuta pembeni. Wafadhili wanataka kuguswa kabla ya kutoa, anasema. Wanataka filamu fupi. Na amesikia kuna binti ambaye kaka yake alipigwa risasi. (Walimwuliza Maryluz siku ya usaili kama ana ndugu. Akawajibu. Ndivyo walivyojua.) Aeleze ilivyokuwa, mbele ya kamera, na mama yake akiwapo ingependeza zaidi. Ikipigwa Jumamosi, Jumatatu asubuhi bima inalipwa. Isipopigwa — "tutaangalia bajeti."

Nikamwambia awapige picha wakijifunza. Akanishika bega kwa huruma. "Nohora mpenzi, nani atalia akiona nyaya?"

Mkono mtupu haulambwi, wanasema watu. Huyu wake mtupu, na anataka tuulambe!

Alhamisi, 14 Machi

Nimemweleza Maryluz. Niliongea huku natazama viatu vyangu.

"Kaka yangu si tangazo, mwalimu," alisema. "Waniulize habari ya maiki, nitaongea mpaka wachoke."

Nikasema sawa, yameisha. Kumbe wenzake walikuwa mlangoni, wamesikia yote. Wilmar akalipuka: "Wako keshakufa, Maryluz! Wangu ndiyo kwanza anakuja!"

Maryluz akamtazama tu. Akachukua mkoba wake, akatoka kwenye mvua. Wilmar akakaa chini, kajishika kichwa. Nilitaka kumkaripia nikashindwa. Ningemkaripia nini? Njaa?

Jioni nimepata ujumbe wa Maryluz kwenye simu: "Nitasema. Lakini mama asiwepo."

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 16 Machi

Tuko ofisini kwa Taasisi. Mpiga kamera wamemkodi. Fundi wa sauti ni mimi — wa bure. Wilmar kashika mti wa maiki. Wenye hedifoni ni sisi wawili tu, mimi na yeye. Yeye na Maryluz hawajasalimiana.

Maryluz kaja na shati lililonyooshwa pasi, kaketi. Doña Piedad akamwinua, akaagiza ndoo ya msafisha sakafu ipinduliwe, akamkalisha juu yake. Ofisi imejaa viti vya ngozi!

Kamera ikawaka. "Kaka yangu Duván alikuwa..." Akakwama. Nimemfunga maiki ndogo isiyo na waya kifuani, basi moyo wake ulikuwa unapiga ndani ya masikio yangu. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. "Simamisha! Ndege inapita."

Hapakuwa na ndege.

Wakaanza upya. "Kaka yangu Duván —" "Simamisha! Mbwa." Hapakuwa na mbwa. Wilmar alinigeukia, akanikazia macho. Mara ya tatu nikasema betri inakufa. Mpiga kamera akasonya. Doña Piedad akatabasamu kwa meno tu: "Jumatatu haiko mbali, Nohora."

Sasa nipo kwenye ngazi, eti natafuta betri. Betri ziko mfukoni. Naandika ili nipate kufikiri. Nafanya nini mimi? Nikiendelea hivi, Jumatatu vijana sita watabaki nje ya geti, na mlango nitakuwa nimewafungia mimi. Nikirudi nikanyamaza, watamkamua yule mtoto mpaka alie vizuri — na sauti yake nitakuwa nimeirekodi mimi. Safi kabisa. Bila ndege.

Bado nimevaa hedifoni, na kipokezi kiko kiunoni. Maiki ya Maryluz iko wazi. Nasikia visigino vya Doña Piedad vinakuja, vinasimama karibu naye. Lakini hasemi naye, anasema na Wilmar.

"Wewe kijana. Na wewe si unasikia kila kitu humo? Niambie ukweli. Kulikuwa na ndege?"

Kitambaa kinakwaruza maiki. Bila shaka Maryluz kageuka kumtazama Wilmar.

"Kijana, nakuuliza."

"Subiri kidogo, mama," anasema Wilmar. "Nyamazeni wote. Nasikia nyingine inakuja."