Kanga Uliyoisahau Ukonga

Ukonga, Jumatano

Dada yangu Raudha,

Shikamoo. Sie huku tupo. Yule kuku uliyeniletea ameangua vifaranga saba, kunguru kachukua wawili. Salsabil katimiza miezi mitatu, anacheka hadi na ukuta.

Lile ziwa la kushoto bado analikataa. Mama mkwe alisema maziwa yameganda, akawa ananichana ziwa kwa chanuo lililopashwa moto kila asubuhi. "Vumilia mwanangu, litalainika." Halikulainika. Hospitali wakakata kinyama, wakapima. Ni saratani, dada. Dripu zinaanza Jumatatu, na daktari kasema nikishaanza mtoto asinyonye tena, hata hili la kulia.

Maziwa ya kopo tumejaribu, anatapika. Badru wako bado ananyonya. Naomba uje, umnyonyeshe na wangu.

Najua tulikuwaga tukitaniana kuwa Badru atamuoa Salsabil, mie na wewe tuwe wakwe. Wakishanyonya ziwa moja ni ndugu, ndoa haipo tena. Basi dada, wawe ndugu. Mume huacha mke, kaka haachi dada yake.

Kwenye simu ningelia tu, ndiyo maana nimempa barua jirani yangu Mwishehe, anakuja huko Kilwa kesho. Mama usimwambie kwanza.

Ile kanga uliyoisahau siku ya arobaini ya mtoto sijaifua. Namfunika nayo Salsabil kila anapolala, azoee harufu yako.

Mdogo wako anayekungoja,
Tunu