Fulana za Baba

Jumanne, 4 Juni

Nimefua kabla ya kwenda shule. Mashati mawili ya Baba, suruali moja, soksi. Fulana za ndani hakuna. Hii ni wiki ya tatu. Anazifua mwenyewe na kuzianika nyuma ya mlango wa chumba chao na Mama. Mwanaume ambaye sijawahi kumwona akishika sabuni ya kufulia.

Nilimpa dawa zake za moyo, vidonge vya aina mbili, na kikombe cha maji. Akanishukuru, akaenda navyo chumbani. Zamani alikuwa anavimeza mbele yangu.

Joto kali. Yeye kavaa koti.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeona. Sikutaka kuona. Upepo wa ziwa uliinua pazia la chumba wakati Mama anamfunga. Kipande cha kitenge kifuani, anakivuta kwa nguvu, kama tunavyomfunga tumbo mwanamke aliyetoka kujifungua. Baba alikuwa amekunja uso kwa maumivu.

Ana matiti. Si mafuta ya uzee. Matiti yaliyochongoka, ya msichana wa miaka kumi na tatu.

Halafu nikaenda shuleni Nyamianda kufundisha. Biolojia, darasa la tano la sekondari, homoni. Nilieleza kwa sauti kubwa jinsi kila mwanaume alivyo na kidogo cha homoni ya kike. Niliandika ubaoni. Nyumbani siwezi kutamka hata neno moja. Mtoto wa kike hataji kifua cha baba yake. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Najua tu.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani wametangaza ubatizo. Tarehe 23, ufukweni, watu thelathini na mmoja. Baba ndiye mchungaji, ndiye atakayebatiza, kama miaka yote.

Sasa naelewa kitenge. Kanzu nyeupe ikilowa inashika mwili wote, na kanisa zima linasimama mchangani likitazama.

Baada ya ibada, vijana wawili wa kwaya walikuwa bombani, wamenipa mgongo.

"Pasta amenona kifua, umeona?"

"Acha weye! Mwaka huu atatunyonyesha wote."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji. Kisha wakaniona. "Bonjour, Madame." Niliitikia salamu. Najichukia kwa kuitikia.

Jumatano, 12 Juni

Mama amesema kwanza. Tulikuwa tunachambua maharagwe. Anasema ni karuho, sumu ya watu, kwamba kuna mtu alimwekea kwenye juisi arusini. Ameleta unga wa mizizi kutoka Makobola, anampaka asubuhi na jioni. Nikafungua mdomo, akanikata.

"Weye umesoma, lakini hii haiko mu vitabu vyenu."

Iko. Nimeisoma leo kutwa. Ini lililoharibika. Pombe, naye hanywi. Uvimbe kwenye korodani. Kansa ya titi, kwa maana wanaume nao huipata. Uzee peke yake, homoni ya kiume ikipungua na ya kike ikabaki. Na dawa fulani. Moja ya dawa zake za moyo imo. Nilisoma mstari huo mara tatu.

Mimi ndiye ninayempa kila asubuhi.

Ijumaa, 14 Juni

Miguu yake imevimba. Viatu vimekataa kuingia. Analala ameegemea mito mitatu, akisema maneno manne anahema. Sielewi. Mtu anayemeza dawa hafiki hapa.

Saa tisa Mama alinipa koti nilipige brashi. Mfuko wa ndani ulikuwa mzito. Vidonge kumi na saba ndani ya karatasi, vyote vya aina moja. Karatasi yenyewe ni ile ya maelezo inayotoka ndani ya boksi la dawa. Katikati ya ukurasa neno moja la Kifaransa, *gynécomastie*, mwanaume kuota matiti, limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Kalamu anayopigia mistari Biblia.

Alijua kabla yangu. Alijua ni kidonge kipi, akaacha hicho tu, ili kifua kishuke kabla ya tarehe 23. Wakati huo huo anamwacha Mama ampake unga, kwa sababu hawezi kumweleza.

Siwezi kusema ni ujinga. Alisoma vizuri. Alisoma dawa inamfanya nini, hakutaka kusoma inamkinga na nini.

Jumamosi, 15 Juni

Nilimwekea karatasi mezani. Aliikunja mara mbili. Kisha, bila kuniangalia:

"Miye niingie mu maji na hii? Watu wataangalia nini, Kristo ao kifua yangu?"

"Baba, utakufa."

Nimemwambia baba yangu neno hilo.

"Nitameza nyuma ya ubatizo, binti yangu. Siku nane tu."

Jumatatu, 17 Juni

Hospitali. Jana hakumaliza mahubiri. Alishika mimbari, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu.

Daktari ni kijana, labda umri wangu. Alifungua kitenge. Niligeuka nitoke, Baba akanishika mkono. Nikabaki, macho ukutani. Daktari alipapasa pande zote mbili, na makwapa, akitafuta uvimbe mgumu. Akauliza ini, pombe, korodani. Baba alijibu akitazama dari.

Si kansa. Si sumu. Ni dawa.

"Naona wengi, papa. Wote wanaficha."

Kuna dawa ndugu yake isiyogusa sana kifua. Hapa Uvira haiko, labda Bujumbura. Mpaka ipatikane, arudie ileile, nusu ya kipimo, kwa sababu moyo unakuja kwanza. Unga wa mizizi uachwe. Kitenge kiachwe, kinabana pumzi. Uvimbe mpya wa matiti hushuka wenyewe kwa miezi, dawa ikibadilishwa. Ukizidi mwaka hukomaa, na hapo ni kisu tu. Wake una miezi kumi.

Baba aliuliza swali moja: Jumapili?

Daktari alitikisa kichwa. Hata miguu tu majini, hapana. Na si kwa ajili ya kifua. Moyo hauwezi tena kuinua watu thelathini na mmoja kutoka majini.

Aliacha dawa ili aingie ziwani. Kwa kuiacha, haingii.

Ninaandika ili nisiendelee kuisema kichwani.

Jumapili, 23 Juni

Alibatiza mchungaji mdogo kutoka mtaa wa Kimanga, ana sauti nyembamba. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki, mchangani, akisoma majina. Hakuvaa koti. Hakufungwa. Upepo ulibandika shati kifuani na kila mtu aliona. Wale wawili wa kwaya pia. Mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Baba aliwatazama, akasoma jina lililofuata.

Mtu wa mwisho alipotoka majini, alikunja orodha, akaendelea kutazama ziwa.

Jumatatu, 24 Juni

Dawa ya Bujumbura haijafika. Miguu bado imevimba. Amemeza mbele yangu, dawa zote mbili.

Beseni lilikuwa mlangoni. Mashati mawili, suruali, soksi. Chini kabisa, fulana tatu.

Nimezianika nje, kwenye kamba ya upande wa barabara.