Marahaba Niliyoitikia kwa Jina Lako

Shikamoo, Shangazi.

Nimeanza na salamu kwa sababu ulinifundisha hivyo, na kwa sababu salamu ndiyo kitu pekee ninachoweza kuandika bila kufikiri. Kesho ni siku ya soko hapa Soni. Kesho Babu Mbaruku atapanda tena huku milimani kutoka Mnazi, aje kukuomba radhi wewe, ambaye hatuko nawe tena tangu mvua za masika. Na kosa si lake, wala si lako. Ni langu. Naogopa, Shangazi.

Ngoja nianzie tulikoanzia, pengine nitapata nguvu ya kufika mwisho.

Unaikumbuka ile kompyuta ya duka la Baba la steshenari, iliyokuwa ikizimika kila mashine ya fotokopi inapoanza kunguruma? Hapo ndipo ulipoanzisha kamusi yetu ya simu, ili mtu aandike Kishambaa bila simu kumgeuzia maneno yake kuwa Kiingereza. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuuliza kwa nini unaiita programu huria. Ukaniambia maandishi yanayoiendesha yako wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuyachukua, kuyarekebisha na kuturudishia, na sisi tunaikagua kazi yake kabla ya kuiingiza.

"Ni kama mfereji wetu wa kule bondeni," ulisema. "Hauna mwenyewe, lakini una zamu."

Macho yako yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo wewe ulitamka na mimi nikaandika. Ulikaa kwenye kiti cha plastiki, khanga mabegani, unanitajia neno kwa neno. Watu wa Tanga, wa Dar es Salaam, hata walio ng'ambo, walikujua kwa jina la Shangazi wa Soni. Hawakuwahi kukuona. Walichokiona ni herufi, na herufi zilitoka kwenye vidole vyangu.

Halafu watu wawili wakagombana humo hadi kutukanana, ugomvi wenyewe ni jina la kiazi, mmoja wa upande wa Mponde na mwingine wa Mlalo. Ukasema sasa tunahitaji kanuni za adabu. Siku hiyo Kiango, yule fundi wetu wa programu aliyeko Dar, alipiga simu ukaiweka sauti ya juu.

"Shangazi, ziwe fupi. Tuseme tu, usitukane."

"Kutotukana ni mwanzo tu. Andika, Zaina: anayekagua kazi ndiye atakayeamkia kwanza, na ataamkia shikamoo, awe yeyote aliyeileta."

Kiango akacheka. "Hee! Yaani mtoto wa darasa la tano akileta maneno yake, mimi na ndevu zangu zote nimwamkie?"

"Ndevu zako mimi naziona wapi? Na wewe mvi za mtu utaziona wapi? Humo hatuonani, baba. Mwamkie. Akiwa mtoto atakwambia."

"Na akishaniambia?"

"Mtacheka. Kuna hasara gani?"

Nakumbuka nilivyocheka mpaka nikakosea kuandika. Baadaye ukaniandikisha kipengele kingine, na hapo hukucheka: mtu asiseme kwa jina la mwenzake, atakayefanya hivyo aondolewe, mpaka wote wakubaliane arudi. Nilikiandika mwenyewe, Shangazi. Nukta yake niliiweka mimi.

Ulipofariki sikuigusa kompyuta. Baada ya arobaini Baba akanipa ufunguo wa duka, nikaiwasha. Neno lako la siri nilikuwa nalo kichwani kama jina langu. Nilitaka kuwaandikia wote kwamba haupo. Nikakuta Kiango ameandika: "Shikamoo shangazi, mbona umepotea hivyo?"

Nilikaa nikaitazama ile salamu. Kuandika "amefariki" ni neno moja tu, lakini nililiona zito kuliko yote niliyowahi kukuandikia. Nikaandika: "Marahaba, mwanangu. Nipo."

Niliyeandika ni mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimeitikia shikamoo ya mtu mwenye mke na watoto wawili.

Nilidhani ni siku moja tu. Lakini kila nilipofungua walikuwa wananiamkia, wananiuliza, wanafanya ninachosema. Ilikuwa kama bado umekaa kwenye kiti chako na mimi naandika tu. Nikaendelea kukagua kazi kama ulivyokuwa ukikagua, na kwa muda hakuna kilichoharibika.

Ndipo akaja mtu mpya, Mbaruku. Hakuweka picha wala umri. Alituma orodha ya maneno kwa herufi kubwa tupu, mfululizo, bila mkato hata mmoja, hujui neno linaishia wapi. Nikamrudishia. Akaituma tena vilevile. Nikamrudishia. Akaituma mara ya tatu, na mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka, dukani kuna foleni ya watu wa fotokopi. Nikamdhani kijana mzembe. Sikumwamkia. Niliandika hivi, na nayaandika tena hapa ili nisijifiche: "Maelekezo yapo kwa Kiswahili chepesi. Kama huwezi kuyasoma, kaa pembeni, uwaachie wenye akili."

Chini yake likakaa jina lako.

Kilichonitisha kwanza si maneno yangu. Ni kwamba hakuna aliyenikemea. Kiango aliandika, "Shangazi akikasirika ujue mambo yamezidi." Mwingine akaweka kikatuni cha kucheka. Watu wazima wote wale, na hakuna hata mmoja aliyesema: Shangazi, hukuamkia. Kanuni zako zilimlinda kila mtu dhidi ya kila mtu, isipokuwa dhidi yako, na mimi nilikuwa nimejificha ndani yako. Mbaruku hakutuma tena orodha. Akatoweka.

Siku ya soko iliyopita Baba alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, niko peke yangu kaunta. Akaingia mzee mrefu, kofia ya kitambaa, viatu vimejaa vumbi la kule chini, mkononi mfuko wa mchele.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa ndipo kwa yule mama wa kamusi? Kwenye simu pameandikwa hapa."

"Ndiyo, babu."

"Mimi ndiye Mbaruku wa Mnazi. Nimemuudhi. Sijui nimemkosea nini, maana kuandika kwenyewe naandika kwa kidole kimoja, na huo mkato nimeutafuta kwenye hiyo simu mpaka leo sijauona." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Ugomvi wa simu sisi watu wazima hatuuwezi. Nimesema nije anione uso, nimuombe radhi, yaishe."

Fikiria, Shangazi. Mzee wa miaka ile, amepanda gari kutoka bondeni mpaka huku kwenye baridi, kuja kumwomba radhi mtoto.

"Ametoka, babu," nikasema.

Ametoka. Ndivyo nilivyosema. Nikaongeza uongo juu ya uongo, tena ana kwa ana.

"Basi nitarudi siku ya soko ijayo. Huu mchele mpe. Na umwambie sina kinyongo."

Mfuko uko hapa chini ya kaunta. Hatujaufungua.

Alipoondoka niliichukua ile orodha yake nikaanza kuitenganisha, neno baada ya neno. Majina ya ndege wanaokula mpunga. Majina ya udongo. Na katikati ya herufi kubwa, Shangazi, nikalikuta lile neno la bibi, la lango la matope linalofungia maji mferejini, ulilolitafuta miaka yote ukauliza hata wazee wa Bumbuli wakasema limepotea. Alikuwa nalo. Alituletea mara tatu, na mimi nikamwambia akae pembeni.

Nililia sana. Kisha nikaenda kwa Baba nikamweleza yote. Nilitarajia kelele. Akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha kufutia kioo.

"Alikuwa dada yangu," akasema. "Jina lake lilikuwa safi."

"Najua, Baba."

"Siku ya soko nitakaa dukani na wewe. Lakini utasema mwenyewe."

Kwa hiyo barua hii naiweka kwenye ukurasa wetu, mahali pa wazi, kwa jina langu. Kiango ataisoma, na hivyo ndivyo atakavyojua kwamba umefariki. Nisamehe, Kaka Kiango, ulistahili kuambiwa mapema na kwa njia nyingine. Wote wataisoma. Nawaomba wakitumie kile kipengele nilichokiandika kwa mkono wangu, wasinihurumie kwa sababu ni mtoto. Nikiondolewa sijui jioni zangu zitakuwaje, maana humo ndimo nilimokuwa nakusikia bado. Hilo linanitisha hata kuliko aibu. Maneno ya Babu Mbaruku nimeyapanga yote, nimeyawasilisha yakaguliwe, na nimeandika kwamba ni kazi yake. Anayekagua asisahau kuamkia.

Na kesho nitamsomea Babu barua hii kabla hajauliza kama umerudi. Labda atauchukua mchele wake aondoke. Labda atakaa kwenye kile kiti chako cha plastiki, na mimi nitamwonyesha mkato uko wapi kwenye simu yake. Naliomba hilo la pili kila baada ya swala, kwa sauti ndogo, kwa sababu sijui kama ninalistahili.

Akaunti yako nimeifunga leo mchana. Kabla sijaifunga nilikuta salamu mpya, ya mtu nisiyemjua, ameleta maneno matatu tu. "Shikamoo shangazi," ameandika. Vidole vyangu vilishaenda kwenye herufi ya kwanza, kwa mazoea.

Sikuitikia.

Pumzika, Shangazi. Kuanzia kesho wa kuamkia ni mimi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, niliyekuwa mkono wako,
Zaina