Safu za Kabichi

Kijiji cha Chiphaso, Dedza
Jumamosi, 15 Juni

Dada yangu mpendwa Enifa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa kukukumbuka sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua, na wapwa zangu wanaivumilia baridi hii. Huku kwetu watoto wanaingia darasani wamejifunika vitenge vya mama zao, wakitoa moshi mdomoni. Tiyamike amerefuka, sketi ya mwaka jana haimfiki tena magotini. Mke wangu Falesi anajua kwamba nakuandikia. Hajanituma salamu, na sababu utaiona mbele.

Unajua mwaka wa kumi na moja huu nafundisha darasa la tatu. Majedwali ya kuzidisha nayafundisha kama tulivyofundishwa sisi, kwa kuyaimba mpaka yakae kichwani. Basi muhula uliopita alikuja mshauri wa elimu wa kanda. Hakutaka kusikia wimbo. Aliuliza tu sita mara nne ni ngapi. Watoto sitini na wawili wakanigeukia mimi. Tiyamike, mwanangu wa kumzaa, akaanza kuimba chini chini kuanzia sita mara moja, akapotelea njiani. Yule bwana alinitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilipofika nyumbani nilimfokea mtoto hadi akashindwa kumaliza sahani yake ya nsima.

Kesho yake Falesi alimchukua mtoto kwenye bustani yake ya bondeni, akampa kijiti atoboe mashimo ya miche ya kabichi: safu sita, kila safu miche minne. Walipomaliza kupanda alimkataza kuhesabu mmoja mmoja. Alimwambia aangalie tu safu tatu za mwanzo, ni ngapi? Kumi na mbili. Na zile tatu nyingine si sawa na hizi? Kisha akamzungusha, akamsimamisha ubavuni mwa tuta. Sasa zikawa safu nne za miche sita sita. Akamuuliza, "Haya, kabichi zimeongezeka?" Mtoto akacheka, "Mama, si ni zilezile!"

Alikuja mbio na matope mikononi kunieleza kwamba sita mara nne na nne mara sita ni kabichi zilezile. Nikamwambia najua. Dada, nilikuwa najua kweli, lakini sikuwahi kuliona.

Haikupita wiki mbili, nusu ya darasa langu ilikuwa inashinda bondeni baada ya masomo. Siku moja nikauliza saba mara tatu. Msichana mmoja, Zione, hakuimba. Alichora mafungu saba ya nukta tatu tatu kwenye vumbi la sakafu, akajibu ishirini na moja. Nikamuuliza nani kamfundisha hivyo. Akasema, "Mama Tiyamike, mwalimu. Yeye anatuacha tuangalie." Darasa zima likacheka, wala si kwa ubaya, lakini nililisikia lile cheko mpaka jioni.

Kwenye mashine ya kusaga nako wanakijiji hawakuniacha. "Wewe mkwe wetu," mmoja aliniita mbele za watu, "mwalimu wa kijiji hiki ni yupi hasa, wewe au mkeo?" Mwingine akadakia, "Mwenzako anashika jembe, anashika na chaki. Wewe unashika nini?" Nilicheka nao. Unajua ninavyoishi hapa. Kijiji ni cha mama yake Falesi, nyumba iko kwenye ardhi yao, bustani ni yao, hata kuku wanamkimbilia yeye. Chaki ndiyo kitu pekee nilichokuja nacho.

Kisha mwalimu mkuu, Mama Chimombo, akaniita ofisini. Nilidhani amesikia kwamba darasa langu limepanda kwa alama, nikanyoosha kola. Kumbe alitaka nimwombe Falesi aje shuleni mara moja kwa wiki, awaonyeshe walimu wa madarasa ya chini jinsi ya kufundisha kwa mafungu. Ujumbe ule sikuufikisha. Nilirudi baada ya siku mbili nikasema mke wangu amekataa, anaona haya kwa kuwa aliishia darasa la nne.

Baada ya hapo, Alhamisi moja Falesi alikwenda sokoni Dedza mjini, na aliporudi alikuta mbuzi wa Bibi Namanja, yule mjane jirani yetu, wako ndani ya bustani wamekula karibu yote. Watoto walifika, nami nyuma yao, wakasimama ukingoni. Falesi alikaa chini kwanza. Halafu akawaambia wampigie hesabu ya hasara. Tiyamike akatembea mara moja tu kando ya bustani, akasema, "Matuta saba, kila tuta safu nane, ni safu hamsini na sita. Kila safu miche kumi. Mia tano na sitini." Akanigeukia. "Baba, si ndiyo?" Nikasema ndiyo.

Bibi Namanja aliapa kwamba aliwafunga mbuzi wake. Nani angemwamini, wakati walikutwa humo midomo imejaa majani? Mkuu wa kijiji akaamuru atoe mbuzi mmoja kama fidia. Alitoa jike mwenye mimba.

Dada, aliwafunga. Mimi ndiye niliyewafungua. Nilitoka shuleni saa ya mapumziko, nikang'oa vigingi, nikafungua waya wa lango la bustani, nikasimama pale hadi wa kwanza alipoinamisha kichwa na kuanza kula. Kisha nikarudi darasani nikawaimbisha watoto jedwali la nane.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi na sita. Leo asubuhi nimemwambia Falesi yote, pamoja na ule ujumbe wa Mama Chimombo. Alikuwa akichambua maharage. Alisukuma ungo pembeni, halafu akauliza, "Wivu? Kwangu mimi, niliyeishia la nne?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikuwa nawafundisha ili yule bwana wa kanda asije kukuaibisha tena."

Kesho, watu wakitoka kanisani, amesema nimfunge kamba yule mbuzi mimi mwenyewe, nimrudishe kwa Bibi Namanja na kusema kwa mdomo wangu nilichofanya. Jumatatu niende kwa Mama Chimombo. Mambo yetu wawili hatayazungumza mpaka watu wangu waje. Nakuomba basi umwambie Mjomba Lusiyano, kwa kuwa ndiye aliyesimamia ndoa yetu, afike wiki hii, na usimfiche kitu.

Isipokuwa hili moja, ambalo nakuambia wewe tu. Ninapoandika, Falesi yuko bondeni na watoto wanapanda upya. Nawasikia wakishindana kujibu na yeye akiwacheka. Nimeungama, dada, na kesho nitaungama tena mbele za watu. Lakini kila wakimwita jina lake, roho inaniuma vilevile.

Nisalimie shemeji na wapwa wote, na umpe mama mkono wangu. Niombee.

Ni mimi mdogo wako,
Yotamu