Msimamizi wa Nyimbo za Mwali

Chole, Kisarawe
2 Juni 2024

Mjukuu wangu Mwinjuma,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu yanagoma, na muhogo nguruwe pori wameumaliza. Wewe na mkeo hamjambo huko Kibaha?

Nakuandikia kwa sababu haya si mambo ya kupiga kelele kwenye simu. Ile kompyuta uliyoniletea nihifadhi mafundisho ya mwali, nimeimba humo mpaka koo limekauka. Kungwi hapa nimebaki peke yangu, sitaki nyimbo nizikwe nazo. Juzi Nuria, mwalimu wa hapa jirani, akataka kuniongezea kitu cha kusafisha sauti. Kompyuta ikakataa, ikasema tumwombe msimamizi. Msimamizi nani? Mwinjuma! Mimi mwenye nyumba eti mtumiaji wa kawaida! Tena Nuria anasema msimamizi anaweza kuingia akaunti ya mtu yeyote akasikiliza. Wewe ni mwanaume. Nyimbo zile hata babu yako amekufa hajazisikia.

Unaweza au huwezi? Jibu.

Bibi yako,
Biubwa

Kibaha
9 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, Eugenia anakusalimu. Pole kwa magoti na kwa muhogo.

Usikasirike, mke wangu. Nilijiweka msimamizi kwa ajili ya usalama. Ukiwa mtumiaji wa kawaida huwezi kuharibu mashine kwa bahati mbaya, wala virusi haviingii kirahisi. Hata mimi kazini natumia akaunti ya kawaida. Ya usimamizi naifungua nikiwa na kitu cha kutengeneza tu. Na nyimbo zisikutie wasiwasi. Nilipokuja Idi nilizinakili zote kwenye flashi, ninayo hapa.

Mjukuu wako,
Mwinjuma

Chole
13 Juni 2024

Mwinjuma,

Marahaba. Magoti usiyaulize. Na leo usiniite mke, mume gani wewe!

Nimekuuliza unaweza au huwezi, umeniletea habari za virusi. Kumbe umeshanakili, bila hata hodi! Mafundisho ya wanawake yanatembea Kibaha mfukoni mwa suruali yako! Ulisikiliza? Yasmin, binti wa Mashaka, yuko ndani, anatoka mwezi ujao. Lazima nijue anachofundishwa kimeingia masikio ya nani.

Mpe dada yako Firdausi hiyo flashi na neno lako la siri, aje. Msimamizi niwe mimi.

Bibi yako

Kibaha
30 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Nimekawia kwa aibu.

Ndiyo, naweza. Firdausi anakuja na flashi, kwangu sijabakiza kitu. Atakufanya msimamizi, halafu akufungulie na akaunti ya kawaida ya kuimbia. Hiyo usiikatae bibi, tafadhali, msimamizi hakai kwenye usimamizi kutwa. Na ukisahau neno la siri, mimi sitaweza tena kukufungulia.

Nilisikiliza wimbo mmoja. Mtu akishanakili hujaribu kama inasikika. Ni ule wa kuwaita akina mama waje na maji. Nilitaka kuukata, nikausikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni sauti yako.

Mjukuu wako

Chole
8 Julai 2024

Mwinjuma,

Marahaba. Sisi hatujambo. Firdausi amefika.

Msimamizi sasa ni mimi. Akaunti yako tumeifuta. Hiyo ya kawaida nimeikubali, nimenung'unika lakini nimeikubali. Neno la siri tunalo wanawake watatu kichwani, wewe usihangaike.

Wimbo wa maji nimeufuta kwenye kompyuta, nikaufuta na kwenye flashi. Nuria akanishika mkono: “Bibi, usifute, huu ndio mzuri kuliko yote!” Najua ni mzuri. Nilifundishwa na mama yangu, nikamwimbia mama yako akitoka ndani. Lakini mwanaume ameshausikia, si wa mwali tena. Jumamosi Yasmin atatolewa bila huo. Shangazi zake wataulizana, mimi nitanyamaza.

Jumamosi usije. Njoo Jumapili, pilau itakuwepo. Na usiuimbe, hata ukiwa peke yako.

Bibi yako