Tumbaku ya Jani Moja

Mama yangu,

Nimekaa kwenye kibanda chetu hapa Igoma, juu ya kile kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi ulichokataa kisitengenezwe, eti kinakusaidia usisinzie. Wateja wamekwenda kula. Kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, nikaogopa. Najua ungesema, "Kabula, unazunguka sana, fika." Nitafika, Mama. Niache nizunguke kidogo kwanza, maana leo nimekukumbuka kuliko siku zote.

Nimekumbuka shamba la Usagara, lile zizi la zamani la babu. Ng'ombe walipohamishwa, kila mtu alisema mbolea ile ni ya mahindi. Wewe ukapanda tumbaku, ukawaacha waseme. Tukivuna ulinipa sindano ya magunia na kamba ya katani, nikatunga jani baada ya jani, tukayaning'iniza ghalani, kivulini, yakaushwe na upepo peke yake. Hukutaka jua wala moto. "Moto una haraka," ulikuwa ukisema. Kila asubuhi uliingia mle ukashika jani moja, ukalikunja kidogo, ukalinusa. Baada ya miezi miwili yalikuwa ya kahawia, na ghala zima linanukia karanga za kukaanga. Hadi leo nikipita kwa wauza karanga pale stendi mjini nageuka kukutafuta, halafu naona aibu.

Unakumbuka siku niliyoiba kiko chako? Nilikuwa darasa la tano. Ulinikuta nyuma ya ghala natapika, macho yamenitoka. Nilijua nitachapwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukanipa maziwa ya mgando, ukaniambia tumbaku ni ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Sikuwahi kuigusa tena.

Hukuichanganya na kitu chochote. Wenzako sokoni walitia asali, wengine wakachanganya majani ya mikoa mitatu. Wewe ulisema, "Tumbaku si chai, haitiwi sukari." Mteja mgeni akiuliza kama ni safi, hukubishana naye. Ulitoa kiko kwenye msumari, ukakijaza, ukakishindilia kwa kidole gumba, ukawasha, ukavuta mara tatu polepole huku unamtazama usoni. Ndipo ukasema, "Jani moja." Basi, biashara imekwisha. Wazee walikuja kutoka hata Majita kwa ajili ya maneno yale mawili.

Kisha likaja soko huria, kila kitu ruksa. Ikaja mitumba, zikaja redio na sabuni za nje, na pakiti za tumbaku zenye picha ya meli, zinanukia peremende. Meza ya jirani ikajaa tumbaku ya njano, ile inayokaushwa kwa mvuke, imeletwa kwa lori kutoka Tabora. Ni tamu, ni laini, na watu wakaikimbilia. Mwaka huohuo mvua zikatugomea, zizi likatupa kamba tatu tu za majani. Na wewe ukapatwa na yale mafua yaliyokaa mwezi mzima.

Ulipopona niliona kitu. Siku moja nimerudi kutoka kisimani nikakuta dagaa wanaungua jikoni, wamekuwa mkaa, na wewe umekaa pembeni umewapa mgongo unachagua maharage. Hukugeuza hata shingo. Niliipua sufuria. Ulitazama sufuria, ukanitazama mimi, ukaendelea na maharage yako. Pua yako ilikuwa imekufa, Mama, na sisi wawili tukakubaliana bila kusema kwamba hatutalisema.

Sasa nimefika.

Nilinunua kwa jirani gunia la ile ya njano. Nilikuwa naamka kabla yako, naikata nyembamba, naichanganya na yako. Nilijiambia ni mpaka mvua zirudi. Nilijiambia wewe usikose wateja, uzee wako usiingie huzuni ya meza tupu. Siwezi kumsingizia shetani, ni mimi. Wiki ileile akaja mwalimu mmoja mgeni, akauliza kama ni safi. Ulijaza kiko. Ulivuta mara tatu, macho yako kwenye macho yake, na mimi nimesimama nyuma yako nafunga vifurushi vya magazeti. Ukasema, "Jani moja." Nilitamani ardhi ipasuke. Katika maisha yako sikuwahi kukusikia ukisema uongo, na huo wa kwanza nilikutilia mdomoni mimi, mwanao.

Nilifanya hivyo miezi sita, mpaka presha ilipokuangusha.

Tulikuzika Usagara karibu na babu. Watu walijaa mpaka barabarani. Na kila aliyesimama kusema neno alisema lilelile: mama huyu hakuchanganya. Katekista alisema, wauza samaki wakasema, hata yule jirani wa tumbaku ya njano alisema. Nililia, shangazi wakanishika huku na huku, wakidhani ni msiba peke yake.

Matanga yalipokwisha nilirudi kufungua kibanda. Walikuja wale wateja wako wawili wa siku zote. Mzee Masalu, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha pamba mpaka kilipofungwa, alikaa mahali pake. Bibi Nyangeta wa Majita, aliyehamia hapa Igoma, akakaa pake. Mzee Masalu alitoa kiko chako kwenye msumari, akanipa kwa mikono miwili. "Washa, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "sasa mwenye kibanda ni wewe." Nikakiweka mezani nikawaambia yote, tangu wale dagaa mpaka lile gunia.

Mzee Masalu akasema, "Nimevuta tumbaku ya mama yako miaka ishirini. Ulidhani sitajua? Nilijua siku ya kwanza." Bibi Nyangeta alijitanda kitenge chake akaondoka, nikajua huyo nimempoteza.

Kesho yake alirudi na kifurushi kikubwa kama mto wa kulalia. Akakifungua mezani. Ilikuwa tumbaku ya njano tupu, Mama. Kila alichonunua kwetu miezi ile sita alikimwaga kwenye ungo nyumbani kwake, akachambua uzi mmoja mmoja kama anayetoa mawe kwenye mchele. Ya kahawia akavuta, ya njano akaweka. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Mama yako alikuwa anatuangalia usoni akivuta," akasema. "Ulitaka nimwambie pua yake imekufa?"

Walijua, Mama. Wazee wako karibu wote walijua. Walikaa mbele yako, wakasikia "Jani moja," wakaitikia kwa kichwa, wakanunua, wakaenda zao. Nilidhani ninawadanganya, kumbe wao walikuwa wanakusitiri wewe. Sijui kama na wewe ulijua. Usiku ule nililia kilio ambacho sikulia makaburini.

Kile kifurushi nilikimwaga chooni, usiniulize zaidi. Iliyobaki kwenye gunia nimemrudishia jirani, akanishangaa. Mvua zimerudi, na miche imeshika vizuri pale zizini, majani yamefika ukubwa wa kiganja changu. Kibandani kuna kidogo sana, na mtu akija nikiwa sina namwambia sina. Wengine wananuna, wanakwenda kwenye pakiti za meli.

Mgeni akiniuliza kama ni safi, nakitoa kiko, nakijaza, nampa na kiberiti avute mwenyewe. Yale maneno yako mawili siyasemi. Bado si yangu.

Pumzika, Mama. Usamehe mkono wangu kama ulivyonisamehe siku ile ya maziwa. Nakuahidi nitatunga kamba zangu kivulini, na nitaketi hapa msimu baada ya msimu. Watu hawa walikuamini wewe mpaka kaburini, hata pale nilipokuwa nimekuharibia. Nitaketi hapa mpaka siku Bibi Nyangeta atakaponunua kwangu, akafika nyumbani, asishike ungo.

Mwanao,
Kabula